Mwajibikaji wa taarifa

Kanuni ya Dijitali ya Kongo, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023 kwa amri-sheria namba 23/010, imeandikwa kwa Kifaransa. Hapa Kisangani wanaoihitaji zaidi ni akina mama na vijana wanaouza vitenge, nywele na simu kwa WhatsApp na Facebook, na biashara yao inaenda kwa Kiswahili na Lingala. Ndani ya sheria za namna hii kuna mtu mmoja anayebeba karibu mzigo wote wa kulinda habari za wateja. Kifaransa kinamwita responsable du traitement. Sisi tumwiteje?

Tumwangalie kwanza akiwa kazini. Mama wa Makiso ameweka picha ya kitenge. Mteja wa Lubunga, ng'ambo ya mto, anamwandikia jina, namba ya simu, avenyu na namba ya nyumba, kisha analipa kwa simu. Mama anamtumia motari, yaani dereva wa pikipiki, ujumbe uleule, bila kufuta neno, ili mzigo ufike kivukoni na kuvushwa. Sasa namba ya mteja iko kwa watu wawili, mbali na kampuni ya simu, ambayo ina wajibu wake yenyewe kwa akaunti za malipo. Sheria haiulizi namba iko kwa nani. Inauliza nani aliamua ichukuliwe, na kwa kazi gani. Aliyeamua ni mama. Motari anatumwa tu.

Tanzania, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, wanasema mkusanyaji, na anayetumwa ni mchakataji. Mchakataji tumchukue kama alivyo. Mkusanyaji ananipa taabu: motari akimpigia mteja na kuandika alama ya nyumba, naye si amekusanya? Kenya husikika mdhibiti wa data, neno linalotaja mamlaka na kunyamazia wajibu. Mama wa Makiso hajioni kuwa anadhibiti chochote, kwa hiyo atadhani halimhusu.

Napendekeza mwajibikaji wa taarifa. Najua kwenye magazeti ya Dar es Salaam kiongozi "akiwajibika" mara nyingi amejiuzulu, lakini maana ya msingi ingali hai: yeye ndiye wa kuulizwa. Akiulizwa, aweze kusema kwa nini alichukua habari fulani, nani alipewa, na lini zitafutwa. Aombe zile tu ambazo kazi inazihitaji. Kuna wauzaji wanaodai picha ya kadi ya mpiga kura, kwa kuwa ndiyo kitambulisho walicho nacho wengi, kabla ya kutuma kitenge cha kawaida. Kitenge hakihitaji kadi, na picha hiyo ikivuja inaweza kutumiwa kumfanyia mwenye kadi utapeli wa kila namna.

Kisha kuna motari anayeihifadhi namba ya mteja na kesho yake kumwandikia mambo yake binafsi. Kanuni ya Ulaya ya 2016 kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi inasema wazi: mchakataji akijiamulia lengo lake, kwa jambo hilo anahesabiwa kuwa mwajibikaji. Kwa neno mkusanyaji, badiliko hili halielezeki, maana motari hajakusanya chochote kipya. Alichofanya ni kuamua.