Bumu, gitaa na historia kidogo

Nimepotea kidogo, majaribio yalitubana na field iko mlangoni.

Basi bumu lilitoka Jumanne, Jumamosi mimi na rumimeti wangu tukapanda daladala toka Malimbe hadi mjini kutafuta gitaa. Nikapata mawili. La kwanza lipo dukani, jipya, linang'aa, sh. 120,000. La pili limeshatumika, lina mikwaruzo, sh. 190,000, liko kwa fundi anayetengeneza magitaa ya kwaya. Yeye anasema likisumbua nirudishe, atalirekebisha bure mwaka mzima. Tofauti ni elfu sabini, yaani msosi wangu wa wiki kadhaa!

Tatizo ni kwamba mwaka jana nilishalizwa. Nilinunua la bei chee, miezi mitatu tu shingo ikapinda, nyuzi zikakaa juu hadi vidole vikatoka malengelenge. Muuzaji akanijibu, "Dogo, mali ikishatoka dukani ni yako."

Kwa vile nasoma ualimu wa Historia, nikajiuliza waliotutangulia walifanyaje.

Huku ziwani mali ya dukani ilisafiri sana. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, mizigo ikawa inavushwa kwa meli hadi Mwanza. Reli ya kutoka Tabora ikatufikia 1928. Piga hesabu ya usafiri, gitaa halikuwa kitu cha mchezo. Ndiyo maana sehemu nyingi za Afrika vijana walijitengenezea la debe, nyuzi zikiwa nyaya za breki za baiskeli. Bei karibu na bure, na fundi ni wewe mwenyewe.

Baadaye kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ikawa na magitaa ya bei ya chini, Gallotone. Ndiyo kampuni iliyotoa pia santuri za Mwenda Jean Bosco, yule mpigaji wa Katanga aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952. Gallotone moja ilifika hadi Uingereza kwa kijana John Lennon, akawa anaipiga mwaka 1957, kabla ya Beatles. Ndani ilikuwa na karatasi ya kudhamini kwamba halitapasuka. Mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa zaidi ya pauni 100,000.

Rumimeti akadakia, "Si unaona, la bei chee lilimtoa!" Nikamwambia asome tena karatasi. Imedhamini mbao tu. Nani atakurekebishia nyuzi zikikaa juu, haisemi. Na wale waliokata tamaa kwa sababu ya magitaa mabovu hakuna aliyewaandika.

Hapa kwetu bendi kubwa zilimwondolea mpigaji mzigo huo. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, mwanamuziki ni mwajiriwa. Ukihama bendi gitaa unaliacha, lakini kununua na kutunza vyombo ni kazi ya mwenye navyo. Kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978-79 na uhaba wa fedha za kigeni, kuagiza vyombo na vipuri ikawa shida hata kwa mwenye hela. Hapo hata gitaa zuri likikosa nyuzi ni pambo la ukutani.

Kwa hiyo swali la "bei gani?" peke yake halitoshi. Uliza pia nani atalitengeneza, na nyuzi utazipata wapi.

Nimechukua la fundi. Ila sikumwamini kwa mdomo tu, nimemwomba aandike ahadi yake kwenye risiti. Kaandika, kasaini. Sasa ni ugali na dagaa hadi bumu lijalo, na jana usiku gitaa limekaa kwenye tuni hadi saa sita, jirani ndio wamelalamika.

Wanakwaya mliomo humu, ninyi mlinunuaje? Tuonane kantini.