Namba ya saa

Namba ya saa ni tarakimu, wakati mwingine pamoja na herufi, zinazochongwa kwenye kasha la saa ya kifahari ili kuitambulisha. Katika saa nyingi za zamani za Rolex huonekana mkanda ukiondolewa, upande wa tarakimu 6. Namba za Rolex zilipofuata mfululizo zilisaidia kukadiria mwaka wa kutengenezwa: herufi R ilianza takriban 1987. Tangu 2010 hivi hupangwa bila mfululizo, hivyo hazifichui mwaka.

Saa hutambulika kwa namba, lakini vito vingine hutambulika kwa kumbukumbu za historia yao. Kwa mfano, almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana Mwadui, Shinyanga, mwaka 1947 ilikatwa ikabaki karati 23.6, na masonara wa Cartier wakaitia kwenye bruchi mwaka 1953. Mnunuzi wa saa naye alinganishe namba, cheti na mashine kabla ya kulipa.