Mrao, Gumegume, Fataki na Kiasi: Bastola Kongwe, Picha Zake na Msamiati Wetu

Utangulizi

Katika toleo hili tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa mbali na darasa la Kiswahili, nalo ni ukusanyaji wa bastola ndogo za zamani pamoja na upigaji picha wake. Huko Marekani na Ulaya wapo watu wanaokusanya bastola hizi kama wengine wakusanyavyo stempu au sarafu. Wapo pia wasiomiliki hata moja, ambao hukusanya picha tu. Hoja yetu katika makala haya ni kwamba bastola kongwe ni hati ya kihistoria, na picha yake iliyopigwa vyema ni nakala ya hati hiyo. Hata hivyo, hati haisomeki na mtu asiye na maneno ya kuisomea. Maneno hayo Kiswahili kinayo, ila tunayaacha yapotee.

Ngazi ya maneno manne

Kamusi za zamani za lugha yetu, mathalani ile ya Johnson ya mwaka 1939, zilizitofautisha bunduki kwa namna zinavyowashwa. Kwanza ilikuwepo bunduki ya mrao. Mrao ni utambi uliowashwa moto na kushushwa penye baruti. Ikafuata ya gumegume, yaani jiwe gumu ambalo likigonga chuma hutoa cheche. Ya tatu ni ya fataki, kijifuniko cha shaba chenye kemikali inayolipuka ikigongwa na nyundo. Mwisho ikaja ya viasi. Kiasi ni ganda ambamo baruti na risasi vimekwisha kupimwa na kufungwa pamoja. Neno lenyewe linajieleza: mpigaji hapimi tena baruti kwa mkono, kwani imepimwa tayari.

Ndugu msomaji, ngazi hii ya maneno manne ni historia ya teknolojia ya karne kadhaa. Leo tukiwauliza wanafunzi wetu, wengi watasema fataki ni milipuko ya sikukuu. Na nchini Tanzania kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000 ililipa neno hilo maana ya mtu mzima anayewarubuni wasichana. Hatusemi maana mpya ni kosa, kwa kuwa lugha hukua. Tunasema tu kwamba maana mpya isiizike ile ya awali.

Tuongeze maneno mawili. Risasi, lenye asili ya Kiarabu, ni jina la madini yale mazito na laini kabla ya kuwa jina la kile kinachotoka mtutuni. Kalibu nalo ni chombo cha kusubia madini yaliyoyeyushwa. Zamani mwenye bastola aliyeyusha risasi na kuimimina katika kalibu iliyolingana na tundu la mtutu wake. Wataalamu wengi wa etimolojia huona kuwa neno la Kizungu la kipimo cha mtutu limetokana na neno lilelile la Kiarabu lililotupatia kalibu. Kwa hiyo tunapoita kipimo hicho kalibu, tunarudi nyumbani.

Bastola ndogo iliyobadili mambo

Hebu sasa tutazame mfano mmoja ambao wakusanyaji huupenda sana. Mwaka 1857, mjini Springfield katika jimbo la Massachusetts, Horace Smith na Daniel Wesson walianza kuuza rivolva yao ya kwanza, Model 1. Ilikuwa ndogo ya kuingia mfukoni, yenye kalibu ya 0.22 ya inchi, yaani milimita 5.6 hivi, na ilichukua viasi saba. Kabla yake, rivolva za Samuel Colt zilizotokana na hataza ya mwaka 1836 zilikuwa za fataki: kila tundu la silinda lilijazwa baruti, kisha risasi, halafu likavishwa fataki kwa nyuma. Hiyo ni kazi ya dakika kadhaa. Model 1 ilipandisha mtutu wake juu kwa bawaba, silinda ikatolewa, maganda matupu yakasukumwa nje kwa kijiti cha chuma kilichokuwa chini ya mtutu, na viasi vipya vikaingizwa.

Siri yake ilikuwa silinda iliyotobolewa moja kwa moja hadi nyuma. Hataza ya wazo hilo ilikuwa ya Rollin White, aliyeipata Aprili 1855. Smith na Wesson walimlipa senti 25 kwa kila rivolva, lakini mkataba ulimtwika yeye mzigo wa kuwashtaki walioiga. Fedha nyingi zikaishia mahakamani. Hataza ilipokwisha mwaka 1869 aliliomba Bunge limwongezee muda, na mwaka 1870 Rais Ulysses Grant akaukataa mswada huo.

Model 1 ilitengenezwa kwa matoleo matatu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880. La kwanza lina ubavu wa mviringo. La pili ubavu bapa. La tatu lina mtutu wa mviringo badala ya ule wa pembe nane, silinda yenye mifereji, na mpini uliopinda kama kichwa cha ndege. Tofauti hizi zote huonekana pichani, ndiyo maana mkusanyaji wa picha naye ni mwanahistoria kwa kiasi chake.

Picha kama shahidi

Je, picha yaweza kuthibitisha jambo? Bastola iliyomuua Rais Abraham Lincoln mnamo Aprili 1865 ni ya fataki, kazi ya Henry Deringer wa Philadelphia. Mwili wake ni mdogo mno, ingawa kalibu yake ni 0.44, mara mbili ya ile ya Model 1. Hapa mwanafunzi ajifunze kwamba udogo wa umbo si udogo wa kalibu. Imehifadhiwa katika jumba la Ford's Theatre, Washington. Ulipozuka uvumi kwamba ya asili iliibwa na kuwekwa ya bandia, wachunguzi wa FBI waliichunguza mwaka 1997 wakiilinganisha na picha za miaka ya 1930. Alama na kasoro zake zililingana na zile za pichani. Kumbe ni ileile. Aliyepiga picha zile hakujua kwamba zingeitwa kutoa ushahidi miongo sita baadaye.

Mfano wa pili unatugusa zaidi. Tarehe 28 Juni 1914 mjini Sarajevo, Gavrilo Princip alimuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Vitabu vingi viliandika kwamba alitumia bastola ya FN ya mwaka 1900. Ukweli ni kwamba ilikuwa FN ya mwaka 1910, kalibu ya milimita 9 fupi, iliyotengenezwa Herstal karibu na Liège, Ubelgiji. Nambari iliyochongwa juu yake, 19074, ndiyo iliyoitambulisha. Ilikaa mikononi mwa mapadri Wajesuiti hadi mwaka 2004 ilipokabidhiwa Makumbusho ya Historia ya Kijeshi mjini Vienna. Vita vilivyofuata vilifika Tanga Novemba 1914. Septemba 1916 majeshi kutoka Kongo ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Na wapagazi wetu walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya vita visivyo vyao. Bastola yenyewe hutosha kiganjani.

Namna ya kuipiga picha

Wakusanyaji makini wana taratibu zao. Kwanza, mwenye dhamana huifungua silaha na kuhakikisha haina kitu, hata kama imekaa kabatini miaka mia. Pili, huvaa glavu, maana jasho huleta kutu. Tatu, hawaing'arishi, rangi ya uzee ni sehemu ya ushahidi. Nne, hutumia mwanga laini wa dirishani na karatasi nyeupe ya kurudisha nuru, kwa sababu mmweko wa kamera huacha waa jeupe juu ya chuma. Tano, hupiga ubavu wa kulia na wa kushoto pamoja na rula ya kuonyesha ukubwa. Mwisho, huelekeza mwanga kwa mshazari juu ya alama zilizochongwa, kama vile herufi ELG za ukaguzi wa Liège, ili vivuli vizitokeze.

Hitimisho

Walimu wenzetu wanaweza kuuliza: katika nchi zetu za Maziwa Makuu, ambako bunduki imewatoa watu machozi, kwa nini tufundishe maneno haya? Tunajibu kwamba ni kwa sababu hiyohiyo. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogondogo ilizitaka nchi wanachama ziweke alama kwenye silaha na kutunza kumbukumbu zake. Shahidi, karani wa mahakama, mwandishi wa habari na mkalimani wote watahitaji kutaja kwa usahihi kilichoonekana: ni rivolva au ni bastola inayojipakia, ni ganda au ni risasi, nambari iko ubavu upi. Anayeviita vyote bunduki hana ushahidi wa kutoa.

Aidha, picha haihitaji kibali cha kumiliki silaha wala haimdhuru mtu. Nchini Uingereza sheria mbili za mwaka 1997 zilipiga marufuku takriban bastola zote za raia, na ile ya pili ilizijumuisha hata za kalibu ya 0.22 zilizokuwa zimeachwa na ile ya kwanza. Mapenzi ya historia hayakufa.

Tunapendekeza zoezi hili. Mwalimu alete darasani picha moja ya bastola kongwe kutoka kitabu cha makumbusho. Wanafunzi waieleze kwa Kiswahili kitupu, wakianzia mtutuni hadi mpinini, kisha waseme inawashwaje: kwa mrao, kwa gumegume, kwa fataki au kwa kiasi. Atakayekwama aende maktaba akafungue kamusi ya zamani. Mwacha asili ni mtumwa, na msamiati nao ni asili.