Bingwa wa Baiskeli Aliyezikwa Aden

Kutoka Bukavu hadi Kamituga ni takriban kilomita 180 za milima na matope. Mwaka 1882, Ion Keith-Falconer aliendesha baiskeli umbali unaokaribia mara tisa ya huo: kilomita 1,600, kutoka ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza hadi ncha ya kaskazini-mashariki ya Scotland, kwa siku 13.

Alizaliwa Edinburgh mwaka 1856, katika ukoo tajiri. Baiskeli za enzi zake hazikuwa na mnyororo. Pedali zilifungwa kwenye gurudumu kubwa la mbele, hivyo mwenye miguu mirefu alipanda gurudumu kubwa zaidi na kwenda mbali zaidi kwa kila mkanyago. Keith-Falconer alikuwa mrefu kweli. Mwaka 1878, mjini Cambridge, alimshinda kwa mita chache John Keen, bingwa wa waendesha baiskeli wa kulipwa, katika mbio za maili tano. Mwaka 1882 akatwaa pia ubingwa wa maili 50 katika uwanja wa Crystal Palace, London.

Miaka hiyohiyo alizama katika Kiebrania, Kisiria na Kiarabu. Mwaka 1885 alichapisha tafsiri ya Kalila na Dimna, hadithi zilizotoka India zikapitia Uajemi na Uarabuni. Humo yumo nyani anayeponea chupuchupu kwa kudai moyo wake ameuacha mtini. Waswahili wanamjua: ndiye kima wa hadithi ya kima na papa, ambayo mmisionari Edward Steere aliipata Unguja na kuichapisha mwaka 1870.

Mwaka 1886 Cambridge ilimpa uprofesa wa Kiarabu. Angeweza kutulia na heshima yake. Badala yake alihamia Sheikh Othman, karibu na Aden, pamoja na mkewe na daktari, ili kuhubiri na kutibu wagonjwa. Homa ilimrudia mara kwa mara, na tarehe 11 Mei 1887 akafariki akiwa na miaka 30.

Baiskeli za mnyororo zilipoenea, mashine aliyotamba nayo ikaachwa. Hospitali ya misheni aliyoianzisha iliendelea kutibu watu kwa miongo mingi. Kijana wa Kamituga anayetafuta bingwa wa kumuiga asiishie kwenye vikombe. Aulize pia bingwa huyo alizitumia nguvu zake kwa faida ya nani.