Kuendesha kompyuta ya nyumbani Suna kwa kipakatalishi

Kompyuta ya mezani yenye hesabu zote za duka inaweza kukaa katika chumba cha nyuma cha nyumba moja Suna, mjini Migori, huku mwenyewe akiifanyia kazi barazani na kipakatalishi mapajani, pasipo waya wowote kati ya mashine hizo mbili. Akijiandaa zaidi, anaweza kuifikia akiwa Homa Bay, Kisumu au hata ng'ambo. Mambo haya mawili huzungumzwa kana kwamba ni moja. Lakini la kwanza halihitaji intaneti wala halili hata senti moja ya data, ilhali la pili ndilo ambalo limewafungulia wezi milango kote duniani.

Msingi wake ni mwepesi kueleweka. Programu moja huwekwa kwenye kompyuta ya mezani, na kazi yake ni kusubiri mgeni. Nyingine huwekwa kwenye kipakatalishi, nayo ndiyo inayobisha hodi. Neno la siri likikubaliwa, skrini ya kompyuta ya mezani huonekana ndani ya dirisha kwenye kipakatalishi. Kinachopita hewani si faili bali picha ya skrini hiyo. Kinachorudi ni mwendo wa kipanya na herufi zinazobofywa kwenye kibodi. Kazi yenyewe hufanyika kule kule chumbani. Ndiyo maana kipakatalishi kikuukuu, chenye kumbukumbu haba, kinaweza kuendesha programu nzito ya uhasibu ambayo chenyewe kisingeweza hata kuifungua.

Teknolojia hii si ngeni. Maabara ya utafiti ya kampuni ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, ilibuni mfumo wa VNC katika miaka ya tisini, na mwaka 1998 mfumo huo ukatolewa bure ili kila mtu autumie na kuurekebisha. Maabara hiyo ilipitia mikononi mwa AT&T kabla ya kufungwa mwaka 2002, na baadhi ya wahandisi wake wakaanzisha kampuni ya RealVNC mwaka huo huo. Microsoft nayo iliingiza Remote Desktop katika Windows XP Professional mwaka 2001. Hapo ndipo wengi hukwama. Matoleo ya Windows yanayoitwa Home, ambayo huja na kompyuta nyingi za bei nafuu, yanaweza kwenda kwa kompyuta nyingine kupitia Remote Desktop, lakini hayapokei mgeni. Mwenye toleo hilo hana haja ya kununua jingine. Programu kama TightVNC hailipiwi, na itamtosha.

Ndani ya nyumba, kiungo kati ya mashine hizo ni ruta, hata kama haijalipiwa intaneti mwezi huo. Ruta huipa kila mashine anwani yake, mara nyingi inayoanza na tarakimu 192.168, na anwani hizo hutumika ndani ya nyumba tu. Simu inayogawa Wi-Fi nayo hutosha mara nyingi. Jambo la kuzingatia ni kwamba ruta hubadilisha anwani hizo mara kwa mara, hivyo mtumiaji anayeona kompyuta yake imetoweka ghafla huenda anabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Dawa yake ni kuiagiza ruta iihifadhie kompyuta ya mezani anwani moja ya kudumu.

Je, hewa inaweza kubeba picha ya skrini nzima? Hesabu hii itafafanua. Skrini ya nukta 1024 kwa 768 ina nukta 786,432. Kila nukta ikichukua biti 16, picha moja hufikia biti milioni 12.5 na zaidi. Mtindo wa Wi-Fi uliotangazwa mwaka 1999 kwa jina 802.11b uliahidi biti milioni 11 kwa sekunde, na kwa kweli ulitoa takriban nusu ya hizo. Picha moja ingechukua zaidi ya sekunde mbili kufika, jambo ambalo lingemchosha hata mwenye subira. Kwa sababu hiyo programu hizi hazitumi skrini nzima kila mara. Hutuma vipande vilivyobadilika tu, navyo hubanwa kwanza. Anayeandika barua huona herufi zikitokea papo hapo, ilhali anayejaribu kutazama filamu kwa njia hii huona mikatiko, kwani kila nukta inabadilika kila wakati.

Mitindo iliyofuata ya Wi-Fi ina kasi kubwa mno, lakini nyumba zenyewe hazijabadilika. Mawimbi ya redio hayapiti kwenye chuma. Kibanda cha mabati kilichojengwa nyuma ya nyumba, ambacho wengi hukifanya ofisi, huyazuia mawimbi hayo karibu kabisa, na ukuta mnene wa matofali huyapunguza. Ushauri wa maana kuliko kununua antena ya bei ghali ni kuiunganisha kompyuta ya mezani na ruta kwa waya mfupi, kisha kukiachia kipakatalishi peke yake njia ya hewani. Mashine zote mbili zikitumia Wi-Fi moja, kila kipande cha picha husafiri hewani mara mbili, kwanza kuelekea kwenye ruta na kisha kutoka kwayo, na kasi hupungua kwa takriban nusu.

Waya huo una faida nyingine. Kompyuta nyingi zinaweza kuamshwa kutoka mbali kwa ujumbe maalumu unaorudia anwani ya kadi yake ya mtandao mara 16. Kadi ya waya huendelea kusikiliza kwa umeme kidogo hata kompyuta ikiwa imelala, jambo ambalo kadi nyingi za Wi-Fi haziwezi. Bila hivyo, mtumiaji hulazimika kuiacha kompyuta ikiwaka usiku na mchana. Mashine inayotumia wati 100 humaliza uniti 2.4 za umeme kwa siku, yaani 72 kwa mwezi, na anayenunua tokeni anajua maana ya tarakimu hizo.

Suala la umeme lastahili uzito wake. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi kwa wingi, na stima hupotea mvua inapoanza. Kompyuta iliyozimika ghafla haitajiwasha isipokuwa iwe imeagizwa hivyo katika mipangilio yake ya msingi, ile inayofunguliwa kabla Windows haijaanza. Aidha, betri ya akiba inapaswa kuihudumia ruta pia. Kompyuta inayowaka huku ruta ikiwa imezimika haifikiki.

Nje ya nyumba mambo hugeuka. Hadi mwaka 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na ulimwengu. Setilaiti za aina hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ishara inayopanda, kushuka na kurudishiwa jibu kwa njia iyo hiyo hutumia takriban nusu sekunde. Kusogeza kipanya na kukisubiri kifuate lilikuwa zoezi la uvumilivu. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, kuchelewa huko kulipungua sana, na kwa mara ya kwanza ikawa jambo la busara kwa Mkenya aliye Uingereza kuiendesha kompyuta iliyo nyumbani kwao.

Hata hivyo, kizuizi kingine kingalipo. Kampuni nyingi za simu huwapa wateja maelfu anwani moja ya nje ya kushirikiana. Anayekumbuka enzi za kutumia sanduku la posta la shule ataelewa haraka. Barua za kijiji kizima ziliingia sanduku moja, na mwalimu mkuu ndiye aliyejua ni ya nani. Kompyuta iliyo Suna inaweza kutuma barua nje na kupokea majibu, lakini mgeni asiyejulikana hawezi kuifikia moja kwa moja, kwa kuwa haina sanduku lake.

Programu kama TeamViewer, iliyoanzia Ujerumani mwaka 2005, AnyDesk na Chrome Remote Desktop hukizunguka kizuizi hicho kwa ujanja mmoja. Kompyuta ya nyumbani na kipakatalishi zote mbili hupiga simu nje, kuelekea kwenye mitambo ya kampuni husika, na kukutanishwa huko. Ni njia rahisi, haihitaji fundi, na yafaa kwa wengi. Bei yake ni kwamba mtu wa tatu amesimama katikati, na kwamba usalama wote wa nyumba unategemea nenosiri la akaunti moja. Akaunti hiyo yapaswa kuwa na uthibitisho wa hatua mbili.

Wale wenye anwani yao ya nje hushawishika kufungua lango nambari 3389 la Remote Desktop au 5900 la VNC kwenye ruta na kuliacha wazi. Hilo ni kosa. Kuna mitambo ambayo haifanyi kazi nyingine ila kuzunguka intaneti ikijaribu malango hayo, nyumba kwa nyumba. Mnamo Mei 2019 Microsoft ilitangaza dosari iliyopewa jina BlueKeep, iliyomwezesha mvamizi kuingia kupitia Remote Desktop bila neno la siri lolote. Uzito wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba kampuni hiyo ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, ambayo ilikuwa imeacha kuihudumia tangu Aprili 2014. VNC ya awali nayo ilisoma herufi nane tu za kwanza za neno la siri, na picha za skrini zilisafiri bila kufumbwa. Anayetaka kuingia moja kwa moja kutoka nje aweke kwanza njia ya siri ya VPN, kisha mengine yapite humo. Na Wi-Fi yenyewe ilindwe kwa WPA2 au WPA3. Ulinzi wa zamani wa WEP ulivunjwa na watafiti tangu 2001.

Wizi ulioenea zaidi, hata hivyo, hauhitaji ujuzi wowote. Mtu hupiga simu akijidai ni wa benki, wa kampuni ya simu au fundi wa kompyuta, na kumwomba mwenye mashine aweke programu ya kuiendesha kutoka mbali, kisha amsomee nambari iliyo kwenye skrini. Kuanzia hapo mgeni anaona kila kitu, pamoja na maneno ya siri ya benki au ya iTax ambayo kompyuta imeyahifadhi. Programu yenyewe ni halali kabisa, hivyo kinga dhidi ya virusi huenda isiseme neno.

Hatari hiyo inaweza pia kutoka karibu. Fundi wa mtaani aliyeweka mpango huu kwa nia njema huenda akaacha neno la siri la kudumu analolijua yeye. Mwenye kompyuta yapaswa alibadilishe fundi akishaondoka, na kukagua orodha ya vifaa vilivyoruhusiwa kuingia. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 hufanya kuingia kwenye kompyuta ya mwingine bila idhini kuwa kosa, hata pasipo kuibwa chochote. Ilivyopitishwa, adhabu yake ni faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Anayeona kipanya kikitembea peke yake asibishane nacho. Achomoe waya wa mtandao au azime ruta mara moja, kisha abadilishe maneno ya siri kwa kutumia kifaa kingine, si kompyuta hiyo hiyo. Benki na kampuni ya simu ziarifiwe siku iyo hiyo, na ripoti iandikwe kwenye kituo cha polisi na nambari ya OB ichukuliwe. Kompyuta yenyewe isifutwe kwanza, kwani rekodi za waliongia na saa walizoingia mara nyingi hubaki humo.