Gari na Theluji: Jinsi Iceland Ilivyopata Dawa ya Kukwama

Theluji laini haibebi uzito. Gari likipita juu yake, magurudumu huzama mpaka tumbo la gari likalie theluji, na kuanzia hapo injini yoyote, hata iwe na nguvu kiasi gani, huzungusha tairi bure. Kwa hiyo historia ya kuendesha magari kwenye milima yenye theluji inahusu zaidi namna ya kulifanya gari ligandamize kidogo pale linapokanyaga.

Ernest Shackleton aliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1908 alipeleka Antaktika gari la Arrol-Johnston, la kwanza kufika bara hilo. Kwenye barafu ngumu lilitembea. Lilipoingia theluji laini, magurudumu yake membamba yalizama. Wakati huohuo huko Urusi, fundi Mfaransa Adolphe Kégresse, aliyehudumia magari ya mfalme Nicholas wa Pili, alikuwa anajaribu njia nyingine. Aliondoa magurudumu ya nyuma na kuweka mikanda mipana ya mpira inayozunguka, na mbele akafunga mbao za kuteleza.

Baada ya mapinduzi ya 1917 Kégresse alirudi Ufaransa, na kampuni ya Citroën ikauchukua uvumbuzi wake. Magari ya mikanda hiyo yalivuka Sahara kuanzia Desemba 1922 hadi Januari 1923. Oktoba 1924 msafara mkubwa zaidi uliondoka Algeria kuelekea kusini, na ulipofika Kampala ukagawanyika makundi manne: moja likaenda Mombasa, jingine Dar es Salaam, na mawili yakashuka Msumbiji na Cape Town. Hivyo ndivyo mtambo uliobuniwa kwa ajili ya theluji ya Urusi ulivyofika kwenye pwani ya Waswahili, kwa sababu mchanga na tope humtesa dereva kwa namna ileile.

Lakini mikanda ina gharama yake. Gari lenye mikanda huenda polepole na hunywa mafuta mengi, na kwenye barabara ya kawaida mikanda huchakaa haraka. Watu wengi walihitaji gari moja litakalotoka nyumbani kwa mwendo wa kawaida, lipande mlima, kisha lirudi.

Nchi iliyolipata gari hilo ni Iceland. Karibu asilimia 10 ya ardhi yake imefunikwa na barafu ya kudumu, na Vatnajökull peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 7,500. Katikati ya nchi hakuna makazi. Kuna mito isiyo na madaraja, mawe ya volkano na dhoruba. Majeshi ya Uingereza yalitua huko Mei 1940, ya Marekani yakafuata mwaka 1941, na kwa njia hiyo Jeep zikaingia kisiwani. Vita vilipokwisha wakulima walizipenda mno, kwa kuwa magurudumu yote manne yalivuta na mito ilivukika. Hata hivyo, majira ya baridi tairi zake nyembamba zilishindwa hata zilipofungwa minyororo. Watafiti waliokwenda kupima unene wa barafu ya Vatnajökull mwaka 1951 walitegemea Weasel, gari la kijeshi la mikanda.

Mabadiliko yalikuja miaka ya 1980, na hayakutoka kiwandani. Mafundi na wapenda milima wa Iceland walianza kufunga tairi kubwa, za inchi 33, kisha 35, kisha 38, wakikata bodi na kuinua shasi ili zipate nafasi. Halafu wakafanya jambo ambalo muuza tairi yeyote angelikataza: wakatoa upepo karibu wote. Tairi inayojazwa upepo wa psi 30 (pauni kwa inchi ya mraba) barabarani ilishushwa hadi 3, wakati mwingine chini ya hapo.

Hesabu yake ni nyepesi. Gari la tani 2.4 huweka kilo 600 juu ya kila tairi. Kwa upepo wa 30, tairi hugusa chini kwa eneo la sentimita za mraba 300 hivi. Kwa upepo wa 3, eneo hilo hukaribia mara kumi, ingawa kwa vitendo hupungua kidogo kwa sababu kuta za tairi nazo hubeba sehemu ya uzito. Tairi hulala, alama yake hurefuka, ikawa kama mkanda wa Kégresse bila mkanda. Gari lote hugandamiza theluji kidogo kuliko mguu wa mtu anayetembea. Huu ni ugunduzi mkubwa, na waliouleta ni mafundi wa gereji.

Mengine yalifuata kwa haja. Tairi isiyo na upepo huchomoka kwenye rimu, basi rimu zikatengenezwa kuibana au tairi ikagundishwa kwa gundi. Kompresa ikafungwa ndani ya gari ili upepo urudishwe njia ya lami inapofikiwa. Gia nzito ya ziada iliruhusu mwendo wa kutambaa, na loki za difu zikazuia gurudumu moja kuzunguka peke yake. Klabu ya wenye magari hayo iliundwa mwaka 1983, na Arctic Trucks, kampuni ya kuyabadilisha magari, ilianza mwaka 1990. Katika msimu wa 1997 hadi 1998 msafara wa utafiti wa Sweden uliyatumia Antaktika, bara lile lile ambako gari la Shackleton lilishindwa. Siku hizi vikosi vya uokoaji vya Iceland, vyenye watu wa kujitolea, hutegemea magari ya aina hii, na tairi za inchi 44 si jambo geni.

Hatari hazikuisha. Nyufa za barafu hufichwa na theluji nyembamba, na theluji iliyolowa maji majira ya kuchipua humeza gari zima. Kwa hiyo magari hayaendi peke yake. Sheria ya Iceland nayo ina mpaka wake: kuendesha nje ya barabara ni marufuku, isipokuwa juu ya barafu ya kudumu au ardhi iliyoganda na kufunikwa na theluji, na hapo pia kwa sharti kwamba ardhi haitaharibika.