KIFAFA CHA MAHENGE: MTOTO HAFICHWI NDANI



Ndugu yangu katika imani, ukitoka Morogoro mjini, ukaipa mgongo milima ya Uluguru, ukapita Mikumi, Kidatu na Ifakara, ukavuka mto Kilombero, utapanda hadi Mahenge. Bado uko mkoa wa Morogoro. Huko, karibu mwaka 1960, daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa kwa Wapogoro.

Alikuta nini? Watu waliofichwa. Iliaminika kuwa mate ya mgonjwa yanaambukiza, basi akiangukia motoni watu waliogopa kumshika. Wengi walikuwa na makovu ya moto, wakila peke yao, wakilala peke yao.

Hakuwa na mashine ya kupiga picha ubongo. Alikaa nao, akauliza, akatazama, akaandika, na akawapa vidonge vya fenobabitali. Akaona kuwa baadhi ya watoto huinamisha kichwa tena na tena, kama wanaosinzia. Miaka mingi baadaye watoto wa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda walionekana na hali hiyohiyo, na wataalamu wakayarudia maandishi ya Mahenge. Leo tafiti zinaihusisha na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi.

Sasa jiulize: wangapi leo bado wanamfungia mtoto ndani wakisema ni jini, aibu ya ukoo?

Kumbuka yule mwanamke mweusi katika hadithi ya Ibn Abbas, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Alikuwa akianguka na nguo zikimfunuka. Alimjia Mtume ﷺ, naye hakumfukuza wala hakumlaumu. Alimsikiliza, akampa hiari baina ya subira na dua ya kuponywa, na akamuombea asifunuke. Hiyo ndiyo Sunna: mgonjwa husikilizwa, na heshima yake hulindwa.

Basi msomee mwanao Qur'ani, kisha mpeleke hospitali. Akianguka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, hesabu dakika. Mweleze daktari kila ulichokiona, hata kichwa kinachoinama, maana jicho la mzazi ndilo lililo karibu. Na dawa asiiache bila ya ruhusa ya daktari.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na atuondolee woga wa kuwashika mkono. Aamiin.

Mfikishie na jirani yako.